Chuchumaa, Mjomba

Boti ya saa nne ilitutema Bongoyo,
na wenzetu, kabla hawajafuta chumvi usoni,
wakakimbilia vibandani kuagiza changu na chipsi.
Sisi wawili tukashika njia ya ndani:
mimi, fundi friji wa Mtaa wa Sikukuu,
na Tunu, mtoto wa dada yangu, darasa la nne,
na daftari lake, na penseli iliyotafunwa hadi utosini.

Nilimwahidi msitu.
Wiki nzima, nikiwa chali chini ya friji za watu,
nilimwahidi miti mirefu, giza la mchana,
ndege wasioijua Kariakoo.
Tukaingia. Akatazama juu,
wala kidevu hakikupanda sana.
"Mjomba, mbona msitu wenyewe mfupi?"

Kweli, ulikuwa mfupi.
Mti ulioota juu ya matumbawe hauna pupa ya mbingu.
Mizizi inapapasa tundu hadi tundu
kama mkono gizani unaotafuta swichi.
Lakini mvua ya alfajiri, iliyokwisha kusahaulika mjini,
humu ilikuwa ingali inanyesha:
jani linamkabidhi jani tone,
kama vibarua wanaopokezana tofali.

"Huu unaitwaje?"
Mchongoma, nikasema. Ninaujua kwa methali,
sura yake niliibahatisha kwa miiba.
"Na huu?"
Sijui.
"Na ule wenye magamba?"
Sijui, mwanangu.
Bibi yetu wa Mbwamaji aliyajua yote,
mti wa tumbo, mti wa jino, mti wa kumrudisha mume.
Alipokuwa akiyataja
mimi nilikuwa nakariri majina ya gesi.

Kenge akakatiza njia, tumbo chini,
polepole kama mwenye nyumba anayepita sebuleni
penye wageni ambao hakuwaalika.
Tukampisha.

Ndipo Tunu akaona jongoo
na akashuka naye hadi ardhini.
"Chuchumaa, Mjomba."
Nina miaka hamsini na mbili. Magoti yakalia.
"Chini zaidi. Sasa tazama."

Uyoga ulikuwa na dari, na chini ya dari kivuli,
na ndani ya kivuli siafu wakihama na mizigo yao.
Harufu ya majani yaliyooza ikanijaa kifuani,
tamu kidogo, kama togwa ya jana.
Na kile kichaka nilichokionea haya
kikasimama, kikaendelea kusimama,
hadi nikatafuta kilele chake nisikione.

Simu ikaita. Mteja wa Magomeni,
samaki wake wanayeyuka.
Nikaiacha iite.

Tuliporudi, changu wamebaki miiba.
Tunu akala chipsi baridi kwa mkono mmoja,
mwingine unaandika:
*Mchongoma.
Sijui wa kwanza.
Sijui wa pili.
Sijui mwenye magamba.*
Na pembeni, chini ya mstari aliouchora kwa rula,
*Kimo: inategemea umekaaje.*