Kidole cha Kumi

Kalenda ya duka la matairi imelala mezani,
Agosti juu, doa la kikombe limemeza tarehe sita.
Kiwanda cha vigae kinafungwa wiki tatu;
Sassuolo yote itapakia magari, iteremkie Adriatiki
kama maji yaliyozibuliwa.
Ivano anasema: nne.
Hajainua macho. Anakata maharage mabichi,
ncha huku, ncha huku,
kisu kikipiga ubao: nne, nne, nne.

Anazo hoja, tena zimepangwa.
Nyanya zitakauka. Jirani yetu Zoboli
akimwagilia huzamisha.
Mbwa hali mkononi mwa mtu baki.
Mwavuli wa safu ya mbele, kwa bei ile,
ungedhani umeuziwa na kipande cha bahari;
safu ya tano ni nafuu, lakini huko
unatazama migongo ya watu wa Bergamo.
Na chumvi. Na mchanga kwenye soksi.
Na jambo moja asilolisema, ila nalijua:
ufukweni hajui aiweke wapi mikono yake.

Mimi nataka kumi.
Sina hoja. Nina hesabu ya mwili tu.

Siku ya kwanza tumefika, hatujafika:
masikio bado yana mashine,
tunaongea kwa kupaza sauti chumbani
mpaka Dirce, mwenye nyumba ya wageni, agonge ukuta.
Ya pili tunalala. Mchana tunalala,
jioni tunakula kome, tunalala tena.
Ya tatu, mwaka juzi,
niliamka, kitanda upande wake kimepoa.
Nikachungulia dirishani: kunapambazuka, ufukwe mtupu,
Ivano na kijana wa miavuli
wanasawazisha mchanga kwa reki.
Suruali kaikunja hadi magotini, anapiga mluzi,
kila hatua kumi anageuka
kuikagua mistari yake.
Kwetu twasema mgeni ni samaki, siku ya tatu hunuka.
Yeye siku ya tatu alishika jembe, akapona.

Ya nne tukafungasha.
Foleni, kiyoyozi kibovu, tikiti maji mapajani mwangu,
njia nzima hadi Bologna hakusema neno.
Mara moja tu aligeuka:
"Yule kijana hajui kuvuta reki. Anakwaruza."

Basi nikokotoe vipi?
Tatu za kufika, moja ya kuondoka
(na kuondoka huanza usiku wa kuamkia,
mtu akihesabu taulo gizani).
Katika nne hizo, bahari ni siku ipi?

Simu imepokewa. Dirce,
sauti yake ya sigara na siki:
chumba ni kile kile, dirisha limetengenezwa,
bomba bado linalia.
"Siku ngapi, Loredana?"

Nimefunika simu kwa kiganja. Ninamtazama.
Ivano ameinua mkono wa kushoto,
umelowa, una nyuzi za maharage.
Ndio mkono uliopungua,
mashine ya kukandamiza vigae,
majira ya baridi aliyozaliwa Nives wetu.
Akiutandaza wote, ni nne.
Miaka yote hii sijajua
kama anahesabu vilivyopo tu
au na kile kilichobaki kiwandani.
Sijamuuliza. Watu huulizana mambo madogo zaidi,
hayo makubwa huyakata pamoja na maharage.

Mbwa anahema chini ya meza.
"Haloo?" anasema Dirce ndani ya kiganja changu.

Kisu kinawekwa chini.
Polepole, kama mtu anayejisalimisha
kwa askari asiye na haraka,
anainua na mkono wa kulia.

Tisa.

Naondoa kiganja. Namwambia Dirce: kumi.
Kile kimoja nimekihesabu mimi.