Kamba ya Mlinzi

Nilikuwa mpanga herufi. Miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha chapa cha Ruse, kando ya Danubi,
vidole vikisoma risasi kinyumenyume,
maana neno la chapa huzaliwa likiwa limekupa mgongo.
Risasi, ndiyo. Madini ni yaleyale.
Inategemea nani kayamimina, na kwenye kalibu gani.

Radoslav Minkin aliniletea hadithi yake wakati wa theluji,
kurasa kumi na mbili chini ya kabichi ya siki.
Hadi leo nikikumbuka hadithi ile, pua hutangulia.

Kijiji. Kinu. Panya. Wakamchagua mlinzi,
mtu mpole, mgonjwa wa kikohozi,
wakampa ufunguo kwa usiku mmoja.
Asubuhi akasema: kamba fupi, haivuki kichwa.
Wakacheka. Basi lala nao.
Mwaka wa tatu shingo ilikuwa imenenepa
hata kuuvua ufunguo ingebidi kukata,
na nani angemtamkia mtu mpole neno kama hilo?
Panya walishamjua kwa jina.

Ndugu Tsanko, mkaguzi, aliisoma mara mbili,
akavua miwani.
"Kinu hiki kiko wapi?"
"Hakipo. Nimekibuni."
"Kama hakipo, mbona naijua njia ya kwenda huko?"

Radoslav alipata miaka minne ya machimbo ya mawe.

Mimi nilikuwa na funguo za chumba cha chini.
Kwa lugha yetu, neno ufunguo lina herufi moja
iliyo kama kichwa kilichofungwa kwenye nguzo;
haitumiki sana, sandukuni zilikuwa chache,
nikawa nachapa ukurasa, nazing'oa, nazirudisha kazini,
hadi zikachakaa na vile vichwa vikafutika nyuso.
Nakala arobaini. Si nyingi.
Lakini majira ya kuchipua, kwenye foleni ya machungwa,
nilimwona mwanamke akimsalimu mwenzake
kwa kujigusa shingo.

Kisha serikali ikaanguka, mnajua zinavyoanguka:
Jumanne tulikuwa nayo, Ijumaa hatuna.
Tukambeba Radoslav mabegani hadi ofisi ya Tsanko.
Kiti kilikuwa kilekile, cha ngozi,
kimebonyea katikati.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, watu husema;
kiti cha kuazima, mimi nimeona, huyakumbuka.
Mwaka wa kwanza Radoslav alikaa ukingoni.
Aliacha mlango wazi. Alikunywa chai na wapiga ufagio.
Sikumbuki ni lini aliegemea.

Siku moja nilipeleka sampuli za chapa, nikamkuta
na binti mmoja, Yoana, viatu vimelowa, hakukaribishwa kukaa.
Hadithi yake ilikuwa fupi, nusu karatasi:
mtu aliyeokolewa kutoka kisimani
akamshukuru kila aliyevuta kamba,
kisha akakaa juu ya kifuniko, apumzike kidogo.
Chini bado kulikuwa na sauti.

Radoslav alivua miwani.
"Kisima hiki," akasema, "kiko wapi?"

Nilimtazama nikingoja acheke.
Nilidhani anakumbuka, anatania. Nilingoja kweli.
Alikuwa akilegeza tai kwa kidole,
na kola imemwachia mstari mwekundu.

Binti alipotoka, akanigeukia kwa upole,
ule upole wake, haukuwa wa bandia:
"Stoyanka, zile funguo za chumba cha chini,
bado unazo?"

Nikasema zilipotea zamani.
Zilikuwa kifuani, ndani ya sweta, zina joto.

Usiku, mbele ya kioo, nikaijaribu kamba.
Ilivuka kichwa.
Ilikwama kidogo, masikioni.