Koti la Kupimiwa

Mimi ni fundi cherehani, Kibaigwa, nyuma ya soko la mahindi.
Namjua mtu kwa mabega kabla ya jina:
lililolala upande ni la mpakia magunia.
Mwenyewe sikuwahi kupimwa.

Vidonge vya presha nilivyopewa zahanati
vilikuwa vilevile vya Mzee Mlugu, vilevile vya mke wa mchungaji,
kimoja asubuhi, kimoja usiku.
Nikameza. Nani anakataa nguo ya bure?

Kikaja kikohozi.
Kikavu, cha usiku, mkasi butu kwenye kitenge.
Wateja wakaanza kusimama mlangoni.
Yaledi, shoga yangu wa miaka yote,
akaninunulia bakuli langu peke yangu la mlenda.
La bluu.
Makohozi yalipimwa mara tatu: safi.
Na presha palepale, mia na themanini.

Ndipo akaletwa yule tabibu kijana, Ndahani.
Akavuta kiti, akauliza mambo ya ajabu.
Mama alifariki na umri gani?
(Hamsini na mbili. Alianguka kisimani, Mlali,
ubavu wa kulia ukatangulia kufa.)
Mlenda wako, unautia magadi?
Kiasi gani? Nionyeshe kwa vidole.
Nikaonyesha. Akatazama vidole vyangu muda mrefu.

Akasema: kidonge hiki kina watu kinaowakubali
na watu kinaowakohoza. Wengi wetu weusi hatupatani nacho,
ila hata sisi si jora moja;
kaka yangu anakimeza, analala fofofo.
Waliokishona, mama, walipima mabega mengine.

Nilicheka mpaka nikakohoa.
Kumbe miezi saba nimevaa koti la mtumba,
linanibana kifuani,
nami nakilaumu kifua!

Kidonge kipya ni kidogo, cha njano.
Kikohozi kiliondoka bila kuaga.
Presha inashuka, si sana; tunapunguza,
tunaongeza, kama pindo la mtoto anayekua.
Magadi nimeacha. Sema kweli: nimepunguza.

Anasema ipo siku tone la damu
litataja dawa yake lenyewe.
Nikamuuliza, siku hiyo itafika Kibaigwa?
Akainamia daftari lake, akapiga mstari kwa rula.

Bakuli la bluu naweka vifungo.
Jana Ndahani kaleta koti lake jeupe la kazini,
limempwaya, mikono imemeza vidole.
Nikamwambia asimame wima, apumue kama kawaida.
Nilimpima mara mbili.