Mambo Ishirini na Tatu

Alhamisi, saa kumi na mbili unusu, Tolmin, mvua.
Ufunguo wa ukumbi anao Srečko,
na Srečko yuko kwaya, simu kaizima.
Watoto kumi na wanne wamebanana upenuni
nami, mpeleka barua mwenye filimbi shingoni,
nawafundisha kitanzi kisichoteleza
kwa kamba za viatu vyao,
maana kamba zenyewe zimefungiwa ndani.

Hapa hatuulizi iwapo itanyesha.
Twauliza itakoma mwezi gani.

Mambo ni mengi. Kuna fomu ya daktari,
fomu ya basi, fomu ya kuruhusu moto,
fomu inayouliza kama nimezijaza zile fomu.
Kuna ada: wanane wamelipa, wanne wameahidi,
wawili nimewalipia mwenyewe, na nyumbani sijasema.
Kuna mama yake Gašper, anayetaka kujua
kwa nini mwanawe amerudi na soksi moja
na kwa nini soksi hiyo si yake.
Kuna Zarja, miaka kumi na mitatu, kiongozi wa doria,
anayejua kila kitu,
na kwa bahati mbaya mara nyingi anapatia.

Mambo ni mengi, lakini mambo za hema
ni ishirini na tatu.
Zilikuwa ishirini na nne.
Nimezimwaga juu ya meza ya jikoni,
vyuma vilivyopinda kama vidole vya bibi,
nikazisugua tope la Čadrg kwa mswaki mkuukuu,
nikahesabu tena,
kana kwamba chuma huzaa.

Hema lenyewe limeanikwa ngazini siku ya tatu leo.
Boštjan, mume wangu, hupita chini yake ameinama
kama aingiaye pangoni. Hasemi kitu.
Kimya chake nakijua, kina madaraja;
hiki ni cha pili.

Usiku wa mwisho kule Čadrg
upepo uliing'oa kona ya hema la wadogo.
Nilitoka na tochi mdomoni, nyundo mkononi,
nikamkuta Tilen nje, pajama chepechepe,
ameikalia kona ile
kwa kilo zake zote ishirini na nane.
Tangu saa ngapi? Akapandisha mabega.
Tilen, anayekula kwa kuwapa wenzake mgongo,
ambaye ahadi ya skauti huisema
kwa midomo tu, sauti kaiacha kwao.
"Mambo iling'oka," akasema,
"nikaona basi niwe mimi."

Kitabu cha viongozi kina ukurasa wa nyuki,
kina ukurasa wa kupotea ukunguni.
Wa jambo hili sikuuona.
Nilimpa chai. Ilikuwa ya jana, na baridi.
Akainywa yote.

Wengine ndani walikuwa wakikoroma.
Asubuhi waligombania jemu.

Jumanne nilipeleka barua iliyosajiliwa
kwa nyanya yake Tilen, nyumba ya mwisho kabla ya daraja.
Wakati anaitafuta miwani, nikaiona dirishani:
imechomekwa kwenye chungu,
imeshika mche wa pilipili usianguke,
imesuguliwa ikang'aa kuliko zangu zote.
Mwizi hasugui hivyo.
"Ni ya mjukuu wangu," bibi akasema, "hataki niiguse."
Nikamwonyesha pa kutia sahihi.

Usiku nikaijaza fomu ya vifaa.
Sufuria: tano, moja haina mkono.
Taa: mbili. Shoka: moja, butu, na liwe butu hivyo hivyo.
Mambo za hema: ishirini na nne.
Palipoandikwa *Maelezo*, nikaandika:
zote ziko kazini.

Srečko amenipigia. Alhamisi hii
ataacha ufunguo chini ya chungu cha maua mlangoni.
Mlangoni pana vyungu tisa.