Kumi kwa Thelathini na Mbili

Dzombo ametandaza karatasi juu ya friji la kantini,
hapa Mikindani, chini ya mlingoti wetu.
Amechora vijistari kumi, kisha thelathini na viwili,
na kalamu yake yauliza kabla ya mdomo:
hizi biti ishirini na mbili za ziada zinakula nini?

Nje masika inagonga mabati
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Namwambia: sauti ikidondosha tone njiani
sikio husamehe. Picha ikipata doa, jicho huliruka.
Hizi kumi si sauti wala picha.
Ndizo zisemazo: kinachokuja ni maneno,
kikate hapa, kisome hivi.
Zikivurugika, mengine yote yatafika salama
na hakuna atakayejua yamefika kuwa nini.
Umeliona lile kontena la Kilindini,
zima, kufuli zima, namba imefutika?
Si sukari, si viatu. Chuma tu,
kinachotozwa ada kila kukicha.

Dzombo akoroga chai isiyo na sukari.

Hapo simu yalia. Shangazi Mwanakheri, Kibokoni.
Mato yake hayauoni tena mstari,
basi mimi ndimi kalamu yake, mvua isinyeshe au inyeshe.
"Yandike," asema, wala hasalimii.

    Ukitaka ushauri, nitakupa la moyoni
    Neno lendapo safari, lina hatari njiani
    Lifunge kwa tahadhari, na fundo liwe ……ni

Laini ikakohoa. Yeye hakujua, akashika pumzi
ya mstari wa mwisho. Mimi nahesabu vidole:
nafasi ni ya mizani tatu, na mlango wake ni *ni*.
Mkononi imezidi. Pwani imepunguka.
Tumboni yaingia. Shingoni yaingia zaidi.
Naandika *shingoni*, kwa penseli, kwa kidole chepesi.

    Kichwa kikenda vizuri, mwili utafika ndani

Nafuta. Naandika *kichwani*. Sasa kwa wino.

Dzombo ameona yote. Kwao Kinango,
na siku zote hudai ushairi
ni hesabu za watu wa kisiwani wasio na shamba.
"Hukumwambia arudie," asema.
Sikumwambia. Alikwisha kurudia,
kabla hajapotelewa: kwa kina, kwa mizani,
kwa mstari unaomshika mkono mwenziwe.
Ziada yote ile ilikuwa ikingoja kikohozi kimoja.

Akainama, akahesabu silabi chini ya meza
akidhani simwoni.

Lipo jambo sikumwambia, kwa haya.
Mwaka jana, mvua kama hii, yalipotea mawili pamoja,
nami nikajaza. Kina kilikubali, mizani ilikubali,
maana ilikubali. Likasomwa harusini Kuze
mbele ya watu, nalo halikuwa neno lake.
Ndivyo ulivyo msimbo ukizidiwa:
hausemi sijui. Hukupeleka
kwenye neno zima, safi, lililo karibu,
na hukuapia kuwa ndilo.
Shangazi alininyamazia siku tatu.
Ya nne akanipigia, akataja neno lake mara moja,
akaanza beti nyingine.

Dzombo akunja karatasi. Hakusema ndiyo.
Kwenye ripoti, jioni, thelathini na mbili ilibaki thelathini na mbili,
na pembeni ameandika kwa herufi ndogo: *iachwe*.

Usiku, Tudor, nimekwisha kuvua viatu.
Shangazi apiga kuniaga, laini yakatika kwenye *kwa*.
Dakika moja. Simu tena.

"Heri," asema.

"Nilishalipata, shangazi. Lingekuwa nini jingine?"

"Najua umelipata.
Pokea tena."