Bamba

Barabara ya Sneek, saa tano asubuhi, ukungu haujaondoka.
Polisi kijana ananipungia nisimame kando.
Leseni yangu ni ya gari dogo tu;
ya kuvuta tela zito alikuwa nayo Wiebren,
na Wiebren tulimzika Machi.

Tela tupu, namwambia. Fungua uone.
Anafungua: nyasi kavu, kamba,
alama ya kwato kwenye ubao wa kushoto
Jikke alipozoea kupiga teke akisikia honi.
Alfajiri nilimpeleka kwa daktari, Drachten.
Narudi na hatamu yake.

Kijana hapimi kilichomo. Anachutama,
anafuta matope kwenye bamba, anasoma:
kilo elfu mbili. Anajumlisha na gari,
elfu moja mia tisa.
Mwisho wako elfu tatu na mia tano, mama. Umezidi.

Nimezidi nini?

Hatuhesabu ulichobeba, anasema,
tunahesabu kile tela lililoruhusiwa kubeba.
Kwa sheria, farasi bado yumo.

Natia sahihi bila ubishi.
Karatasi ya kwanza leo
inayojua ninavuta nini.

Kisha namuuliza, leseni ile inasomewa siku ngapi?
Tano, sita hivi. Inategemea mikono.