Neno la Maili Moja

Barua ya Bodi ilifika Alhamisi, imelowa pembe moja.
Juu kabisa, kwa herufi nene: PAROLE.
Glenys akanisukumia mezani, kwa kuwa nilifundisha Kifaransa
miaka thelathini na mmoja, na Kieran wake
alikuwa miongoni mwa walionishinda.
"Hili ni neno gani?"
"Ni neno," nikasema.
"Naona ni neno. Neno gani?"
"Neno. Kwa Kifaransa, maana ya neno hili ni neno."
Akanitazama kama aliyeomba maji
akapewa kikombe kitupu.

Basi nikamweleza, birika likichemka.
Wagiriki walikuwa wakitupa kitu kando ya kitu
ili vipimane. Kutupa huko kukawa mfano,
mfano ukawa mithali za kanisani,
na watu wa Gallia wakaitafuna mithali taratibu
jinsi kibogoyo anavyotafuna ganda la mkate,
hata ikabaki laini: usemi tu, sauti ya mtu.
Kisha vitani, mateka mmoja, hatujui nani,
akainua mkono matopeni: nakupa usemi wangu,
sitatoroka.
Waingereza wakalichukua neno hapo hapo,
lingali na jasho la mateka.

"Hapa kwetu Ashburton," nikamwambia, "walijaa."
Luteni Hyacinthe Kermadec, Mbretoni,
alipanga chumba juu ya fundi viatu.
Hakuna pingu. Karatasi, wino, na maili moja
ya barabara kila upande, mpaka kengele ya jioni.
Namsikia akiapa, mkono kifuani:

    Natoa neno la kweli, si la kesho kugeuza,
    sitakwenda njia mbali, kengele sitapuuza;
    kufuli yangu kauli, nikivunja nitaoza:
    muungwana neno lake, ndilo shingo yake pia.

Glenys akacheka kidogo. "Mzuri huyo.
Na mabaharia wake?"

Sikutaka aulize.
Mabaharia wake walikuwa Plymouth,
matumboni mwa meli mbovu zilizong'olewa milingoti,
wakigawana blanketi na kikohozi.
Wao hawakuulizwa neno.
Neno la mtu asiye na cheo halikuwa na mnunuzi.

Akanyamaza. Mvua ya Devon, isiyo na haraka,
ikaendelea na kazi yake dirishani.
"Na Kieran atatakiwa aseme nini?"
Nikageuza ukurasa. Masharti kumi na tisa.
Asinywe. Asivuke. Asionane na fulani na fulani.
Saa moja jioni awe ndani.
Nikatafuta mahali pa yeye kusema jambo,
hata mstari mmoja wa nukta nukta.
Hapakuwapo, ila pa sahihi.
"Hawataki neno lake," nikasema.
"Wanataka kifundo cha mguu."

Alirudi Jumanne, na begi la nailoni
na kidude cheusi juu ya soksi.
Alikuwa mwembamba kuliko deni.
Siku nne hakusema ila ndiyo, hapana, asante,
huyu aliyetoka kwa neno.

Siku ya tano akaniomba nimsindikize.
Tukafuata barabara ya zamani ya Exeter, bila maongezi,
mpaka lile jiwe lililozama nusu kwenye majani,
tarakimu zake zimelika.
Nikamwonyesha: hapa ndipo Wafaransa walipogeukia.
Akachuchumaa. Akapitisha kidole gumba kwenye ile moja.
"Walikuwa wanajizuia wenyewe?"
"Wenye vyeo. Ndiyo."
Akafikiri sana. Gari la maziwa likatupita.
"Kule ndani hatuliiti hivyo," akasema.
"Mnaliitaje?"
"Nyumbani, kidogo."

Kisha akatazama saa. Kumi na mbili na robo.
Akasimama, akafuta kidole kwenye suruali,
akageuka kabla yangu.